Bahasha ya Profesa

Kwenye feri ya kwenda Mwanza, Mayala alijifanya anasoma simu, kumbe masikio yote yalikuwa benchi la mbele. Hapo binti mmoja, mwalimu wa fizikia, alikuwa ameikumbatia bahasha ya kaki kama mtoto mwenye homa.

"Ni barua ya profesa wangu, mama," alimwambia muuza sangara aliyekaa naye. "Naomba kusomea uzamili wa uhandisi wa maji. Humo ameeleza mimi ni mtu wa namna gani, ila chuo hakiruhusu niifungue."

"Yaani umebeba habari zako mwenyewe na huzijui?"

"Sizijui. Miaka sita nafundisha kijijini, hakuna aliyewahi kuniambia kama bado ninazo zile akili."

Mama akaitazama bahasha. "Mimi nauza samaki mwaka wa thelathini huu. Hakuna aliyewahi kuandika hata mstari mmoja juu yangu. Ingekuwa yangu hiyo, mwanangu, ningeshaichana."

Binti akaiinua bahasha kwenye jua. Mama akasogea. Mayala, mtu mzima na heshima zake, akajikuta ananyoosha shingo.

Kaki ilikuwa nzito, hata herufi moja haikuonekana. Lango la feri likashuka kwa kishindo, abiria wakaanza kutoka, na wao watatu bado wanaitazama.