Dakika Arobaini za Kiraka

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya kibanda cha fundi wa redio na pasi, na mwenzako wa upande wa pili akisimama bila taarifa unaanguka. Wanaolikalia wanaitana kwa majina ya hapo hapo. Mwenye kibanda ni Volti. Mzee mwembamba aliyekunja nne ni Faili, karani mstaafu, ambaye hajawahi kusikia jambo akakosa maoni. Muuza kahawa wanamwita Jiko. Wa nne ni Kiraka, mwalimu. Miaka kumi na moja anafundisha, na miaka yote hiyo anafundisha madarasa ya wenzake: mwalimu akijifungua, anaitwa Kiraka, akivunjika mguu, anaitwa Kiraka, mwenye darasa akirudi, Kiraka naye anarudi benchini. Siku hiyo alifika mapema kuliko kawaida, suruali imejaa vumbi magotini, akakaa katikati bila hata salamu.

– Umepiga magoti wapi, mwalimu? Volti akauliza.

– Darasani.

– Ulikuwa unasali?

– Nilikuwa chini ya meza natafuta tundu la waya.

Jiko akammiminia kahawa bila kuulizwa. Kiraka akaishika, akaanza kueleza, na alieleza taratibu kama mtu anayetoa ushahidi.

Mwalimu wa hesabu wa darasa la tano ameondoka wiki mbili, kaenda semina.

– Semina ya nini? Faili akauliza.

– Ya kutumia projekta.

Faili akacheka, akaona yuko peke yake, akanyamaza.

– Sasa leo mkaguzi alikuwa anakuja, Kiraka akaendelea. Mwalimu mkuu kaniita asubuhi, kaniambia, mwalimu, kipindi cha kwanza ni chako, somo ni sehemu, nusu na robo, na kila kitu kimo ndani ya kompyuta. Fomu yako ya ajira ya kudumu iko mezani kwangu. Leo ikienda vizuri naipeleka mbele.

– Kumbe ilikuwa siku yako, Jiko akasema kwa upole.

– Ilikuwa. Nikawasha kompyuta, ikaniuliza neno la siri. Nikampigia mwenyewe, simu imezimwa, yuko seminani. Wakaniletea kompyuta ya ofisi. Hiyo ikafunguka, lakini waya wake hauingii kwenye projekta. Kuna kidude cha kuunganisha, kiko stoo. Ufunguo wa stoo anao mtunza stoo. Mtunza stoo kaenda msibani.

– Na ubao?

– Waliung'oa wakati wa likizo. Ukuta wote wameupaka rangi nyeupe ili picha ionekane vizuri.

– Ikaonekana?

– Kidude kilipopatikana ilibaki robo saa. Ukuta ukawa wa buluu. Buluu tupu, na maneno madogo chini yanasema inatafuta. Watoto hamsini na wawili wanatazama buluu, mkaguzi yuko nyuma anaandika, mimi niko chini ya meza. Kengele ikalia bado inatafuta.

Volti akaweka chini bisibisi yake, maana jambo lilikuwa limeingia kwenye fani yake.

– Huo ni umeme mchafu. Umeme wa shule unapita kwanza jikoni kwenye majiko, ukifika darasani umeshachoka. Mashine haiwezi kula makombo.

– Wahenga walisema, Faili akadakia, mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Mwenyeji yuko seminani, Kiraka akasema. Anapona huko huko.

– Ndiyo maana yangu. Yule mwalimu hakusahau kukuachia neno la siri. Mimi nimekaa ofisini miaka thelathini na nne. Mtu akienda safari anafunga droo na ufunguo anatembea nao, ili anayeshika nafasi yake aonekane mjinga. Tulikuwa tunafanya sote.

– Hata wewe?

– Mimi hasa.

Kiraka akanywa funda moja. Maneno ya Faili yalimkaa vizuri kifuani. Ilikuwa nafuu kumchukia mtu aliyeko mbali.

– Mbona hata ile ya ofisini ilikataa? Jiko akauliza. Ile haikuwa ya huyo mwalimu.

– Hapo sasa, Volti akasema, akivuta kigoda karibu. Hizi mashine zimeunganishwa. Moja ikikukataa inaziambia nyingine. Nimewahi kufungua simu hapa, mwenyewe hayupo, ikazima. Nikaenda kwenye redio, redio nayo ikazima. Zilikuwa hazijawahi hata kukutana.

– Umeme ulikatika, Jiko akasema.

– Ulikatika, lakini kwa nini dakika ile?

– Haba na haba hujaza kibaba, Faili akasema kwa uzito, na Volti akamwambia hiyo haihusiani, naye akajibu kwamba itahusiana tu, wampe muda. Akaipa muda yeye mwenyewe. Kwa maoni yake, wauzaji wa projekta wanaweka ndani saa ndogo inayojua ratiba ya wakaguzi. Siku ya ukaguzi inagoma, shule inaaibika, inanunua nyingine. Na mashine imefundishwa kumtambua mwalimu wa muda, kwa sababu yeye hana mtetezi.

– Inamtambuaje? Jiko akauliza.

– Kwa viatu.

Wote wakatazama viatu vya Kiraka. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kicheko.

– Na mwalimu mkuu alisemaje? Volti akauliza kwa sauti ya chini.

– Alisema, mwalimu, kesho usijisumbue. Fomu akanirudishia mkononi. Hakuichana. Afadhali angeichana.

Jiko akasema hakika dunia haina haki. Volti akasema mashine zitatumaliza. Faili akasema mkaguzi ndiye angekaguliwa. Wakawa wanapokezana hivyo, kila mmoja akimwondolea Kiraka kipande kidogo cha lawama na kukibandika kwingine, kwa waya, kwa mtunza stoo, kwa marehemu aliyezikwa siku ya kazi. Kiraka alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo akafika mama mmoja mwenye kanga begani, kaja kuchukua pasi yake. Volti akamwambia asubiri aijaribu kwenye umeme. Mama akasimama, akasikiliza, akamtazama Kiraka.

– Shikamoo, mwalimu. Kumbe ni wewe uliyewashika wa darasa la tano leo. Binti yangu yuko pale. Karudi mchana, daftari lake lina tarehe tu.

– Marahaba, mama. Mashine iligoma.

– Nimesikia. Mama akapunguza sauti, kama anayeogopa kuonekana mkorofi. Naomba kuuliza tu, mwalimu. Nusu na robo si unazijua? Mashine ilipogoma, kwa nini hukuwafundisha hivyo hivyo, kwa mdomo?

Volti akainamia pasi. Faili akafungua kinywa, akasema wahenga walisema, na wahenga wakamwishia hapo hapo. Jiko akatazama barabarani.

Kiraka alijua kuna mtoto wa dawati la mbele, msichana mwenye misuko miwili, aliyenyoosha mkono mwanzoni kabisa mwa kipindi. Alisema, mwalimu, tukate karatasi. Karatasi zilikuwepo, rundo zima, dirishani. Yeye alimwambia nyamaza, subiri. Mkaguzi alikuwa amekuja kuona mwalimu anayetumia mashine, na Kiraka alitaka kuonekana anaitumia, hata kama haitumiki. Msichana akashusha mkono, akasubiri kama alivyoambiwa, mpaka kengele.

Hakuthubutu kumuuliza mama huyu kama bintiye ana misuko miwili.

– Pasi iko sawa, mama, Volti akasema.

Mama akaipokea, akamsubiri mwalimu kidogo zaidi. Kisha akaaga kwa heshima, akashika njia. Jiko akainamisha birika kumwongezea Kiraka, na Kiraka akafunika kikombe kwa kiganja.