Tone la Mafuta la Maman Emérence

Baada ya miaka ishirini na sita katika kituo chetu cha tiba ya Kihindi hapa Bukavu, Maman Emérence Cirhuza anastaafu tarehe 30 Juni.

Alitoka Walungu, akaajiriwa kufagia. Daktari Mhindi aliyeanzisha kituo alipogundua kwamba pua yake haikosei, alimkabidhi meza ya vikombe: mkojo na choo cha kila mgonjwa, kila asubuhi. Hapo Maman alijua nani ana mwili wa upepo, nani wa moto, nani wa maji, na nani alikula sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyolala. Wagonjwa waliacha kumdanganya.

Kazi yake kubwa ni tone la mafuta ya ufuta juu ya mkojo. Likitambaa kama nyoka, ni upepo. Likifanya pete, ni moto. Likikaa kama lulu, ni maji. Likizama, Maman hukiweka kikombe dirishani, upande wa ziwa, na mgonjwa hupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Katika miaka yangu mitatu hapa nikiwa msaidizi wake nimeona vikombe saba dirishani. Hakuna mwenye kikombe aliyerudi.

Mwezi wa nne, wiki mbili kabla ya harusi yangu, tone lilizama katika kikombe chenye jina la Hugues, mchumba wangu, aliyetakiwa kupimwa kabla ya ndoa. Nilimsogezea Maman kikombe. Maman akanusa tena. "Hii haiko ya kijana," akasema. "Iko ya muzee, na moto yake ya tumbo imezimika."

Hugues wangu alikiri kwa aibu. Hakutaka bibi harusi wake aone mkojo wake, akaleta wa tonton Ezéchiel, mjomba wake mzee aliyekuwa akikaa naye. Tonton alikuwa uani akicheka, hana hata kikohozi. Tulimpeleka hospitali siku hiyohiyo, Jumatatu. Alhamisi alifariki.

Msiba ulipokwisha, Hugues alileta chake mwenyewe. Tone likafunguka taratibu, likawa pete, nami nikalia mbele ya wagonjwa wote. Leo nina siku thelathini za ndoa, na kila asubuhi namtazama mume wangu akila kwa hamu, moyo ukinijaa furaha.

Maman hajawahi kupima mkojo wake. Ijumaa alinikabidhi chupa ya mafuta. Jumatatu nilikuta mezani kikombe cha mkojo kisicho na jina, bado kina joto. Nilikimwaga bila kutia tone.

Asante, Maman, kwa pua yako na kwa mume wangu. Tunakutakia miaka mingi Walungu. Mingapi, hatutaki kujua.