Maisha ya Herborg wa Lidaren, Aliyeomba Kubebwa na Wanawake

Mchungaji, kaka yetu Sjur, majirani, na nyote mliokanyaga theluji kuja kutufuta machozi, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu Herborg, na nitayasoma yote, kaka aniwie radhi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1851 hapa hapa Lidaren, Voss, mtoto wa pili kati yetu watatu, akasoma kwa mwalimu aliyehama na shule yake nyumba hadi nyumba, ambaye alimchapa kwa kosa la kumchora yeye mwalimu kwa mkaa kwenye mlango wa ghala, pua na yote. Mwaka 1872 alikwenda Kristiania, mji wetu mkuu, kujifunza uchoraji, na mwaka 1875 Munich, ambako chuo cha sanaa hakikupokea wanawake, basi yeye na wenzake wakakodi chumba na kumlipa mwalimu wao wenyewe.

Alirudi mwaka 1883, akawachora wanawake wa hapa, Brita akifua mtoni, Torbjørg na mzigo wa nyasi, na mabwana wa Kristiania wakaandika gazetini kwamba mikono ya wanawake wake ni mikubwa mno, naye akasema, "Waje wafue wao, tuone." Jikoni kwake ndiko tulikokutana sisi wanawake kudai haki ya kupiga kura, na mwaka 1915 alikwenda kuipiga akiwa amevaa gauni lake la harusi, lililokwisha kumbana.

Aliolewa tarehe 9 Juni 1886 na Tormod, seremala, mume aliyemshikia ngazi alipochora, bila kuona haya, wakajaliwa binti mmoja, Sunniva, aliyechukuliwa na dondakoo Januari 1892 akiwa na miaka minne, sisi wakubwa tumesimama pale tunamtazama akitafuta pumzi, hatuna la kufanya. Tormod naye alitutoka mwaka 1905.

Oktoba 1917 Herborg alipooza upande wa kulia, brashi ikamtoka mkononi, nikaifunga vidoleni kwa utepe, ikaanguka tena, tukaacha. Nilimlisha uji, nilimgeuza, nilimwimbia, na bado alizidi kupungua mbele ya macho yangu, hadi alipofariki alfajiri ya tarehe 2 Februari 1919.

Kabla ya kuugua alituambia mezani, mimi na Sjur, "Nikifa nibebwe na wanawake. Tumebeba maji, nyasi na watoto, mimi ndiye nitakayewashinda?" Jana Sjur alisema, "Barabara ni barafu tupu, Gyrid, mtamwangusha, mtatutia aibu," na mchungaji akasema hilo ni la familia, na familia ni Sjur. Nimebembeleza, nimelia, nimeshindwa.

Tunamshukuru Daktari Aslaksen, majirani mlioleta kuni na maziwa, wachoraji wenzake waliokuja kwa treni, na hao wanaume sita waliosimama mlangoni na glovu zao nyeusi, walioitwa na Sjur kubeba jeneza, ambao hawana kosa lolote.

Jeneza lina vishikio sita. Mimi nina miaka sitini na mitatu, nitashika cha mbele kushoto, na hicho kimoja ndicho ninachokiweza, hivyo vingine vitano siviwezi. Brita, Torbjørg, na ninyi wengine mlioketi nyuma, mikono yenu aliichora, ukubwa wake mnaujua wenyewe.

Pumzika kwa amani, dada yangu.