Mama Milembe, Aliyezirudishia Kompyuta Sauti

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Milembe Mayige anastaafu baada ya kutumikia kituo chetu cha mafunzo hapa Bariadi kwa miaka thelathini na tano na miezi minane. Aliripoti kazini Novemba 1989 akiwa mpiga chapa, binti wa miaka ishirini na minne kutoka Bukundi. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa kompyuta, na hadi wiki iliyopita alikuwa bado chini ya meza ya mtu akifuatilia waya.

Kompyuta yetu ya kwanza ilifika mwaka 1998, ikakaa ndani ya boksi miezi minne kwa sababu kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza kuiharibu. Bi Milembe ndiye aliyeomba ufunguo wa stoo. Aliiunganisha kwa kufuata picha za kwenye kijitabu, ikawaka. Mkuu wa kituo wa wakati ule akampeleka Mwanza kwa mafunzo ya wiki sita, na aliporudi, mashine ya chapa alimwachia mwingine.

Ametengeneza mengi, lakini wengi wetu tutamkumbuka kwa jambo moja: sauti kupotea ghafla. Jana umesikiliza taarifa ya habari vizuri tu, leo kompyuta ya nyumbani ni bubu. Ukimwita, hagusi kitu kwanza. Atasalimia nyumba nzima, kwa Kisukuma kama wenyeji ni Wasukuma, ataulizia ng'ombe na mvua, ndipo aulize nani alikuja jana na nini kilihamishwa. Baada ya hapo anaangalia kama sauti haikuzimwa, anafuata nyaya za spika, kisha anatazama kompyuta imeambiwa ipeleke sauti wapi. Ikibidi, anaizima na kuiwasha upya. Programu anazigusa mwisho kabisa, na vijana wanaoanzia huko huwa anawanunia.

Nyumbani kwa Joakim, mtunza stoo wetu, Bi Milembe alicheka hadi akatafuta kiti. Joakim alikuwa amemwazima jirani yake mwenye saluni spika isiyo na waya, na kompyuta ikawa bado inaitambua spika ile ng'ambo ya ukuta. Kwa siku mbili wateja wa saluni walisukwa nywele huku wakisikiliza rekodi za mazoezi ya kwaya ya Joakim. Hawakulalamika, walidhani ni redio. Na huko Sola mzee mmoja alimkabidhi kuku kwa heshima anayopewa mganga. Bi Milembe akamweleza kwa upole kuwa ni waya tu uliolegea. Mzee akakubali kuwa ni waya, na akasisitiza kuku aondoke naye.

Sasa niseme langu. Mimi Amoni, mwalimu wa kituo hiki ninayeandika haya, sioni tangu mwaka 2014. Nafanya kazi kwa programu inayonisomea kwa sauti kila kilicho kwenye kioo cha kompyuta. Sauti ikikatika, mbele yangu inabaki meza tu. Juni 2023 nilikuwa na mtihani wa mwisho wa shahada, wa kufanyia nyumbani kwa mtandao, saa nne kamili asubuhi. Kanuni hazikuruhusu mtu mwingine anisomee, na ambaye angeukosa angesubiri mwaka mzima. Saa moja nikawasha kompyuta nyumbani kwangu Dutwa. Haikusema kitu.

Nilijaribu yote ninayoyajua. Ndugu yangu mmoja akashauri kwa simu kwamba programu zifutwe zote ziwekwe upya, na mke wangu Jenipha tayari alikuwa na kidole juu ya kitufe. Nikampigia Bi Milembe. Alikuwa likizo, ameshakaa kwenye basi la Mwanhuzi akienda kwao kwenye shughuli ya mahari ya mpwa wake. Akaniambia tusiguse chochote, akashuka, akachukua bodaboda.

Aliingia saa tatu kasoro dakika tano. Nakiri nilikereka, maana alianza na Mwangaluka yake, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akaketi, akaulizia watoto, akaulizia mavuno. Nilitamani kumwambia mavuno yasubiri. Kumbe ni kwenye mavuno hayo hayo Jenipha alipoeleza kwamba jana yake tulijaza pamba sebuleni ikisubiri kupelekwa kupimwa, kwamba sisimizi wameingia nayo, na kwamba kwa kuilinda kompyuta yangu alikuwa ameziba matundu yake yote yaliyokuwa wazi kwa pamba, akaishindilia vizuri.

Bi Milembe akaomba kibanio cha nywele. Alitueleza kuwa tundu la visikizi likijazwa, kompyuta hudhani mtu amechomeka visikizi masikioni, basi inazinyamazisha spika. Akaizima, akachokonoa pamba isiyozidi punje ya hindi, akaiwasha. Saa tatu na nusu ile sauti kavu ya mashine ikatamka siku na tarehe. Jenipha alijiachia kwenye rundo la pamba, akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibeba tangu saa moja.

Mtihani niliufanya na nikafaulu. Bi Milembe alipata basi la mchana, akakuta shughuli ya mahari imeisha na nyama yake imewekwa pembeni.

Kwa hiyo ilipotangazwa kuwa anastaafu, wenzangu walianza kupanga habari za keki. Mimi niliogopa. Nilijiuliza nani mwingine atashuka kwenye basi kwa ajili yangu. Kumbe mwenyewe alishalifikiria. Amemfundisha kijana wetu Constantine kwa miaka minne, na siku hizi naye husalimia kabla ya kushika waya. Na mwezi uliopita Bi Milembe aliniita ofisini, akaomba simu yangu, akarekodi kwa sauti yake hatua zote za kufuata kompyuta ikinyamaza, zote za kufanyika kwa vidole bila macho. Dakika kumi na moja. Nilitoka pale mwepesi kabisa.

Bi Milembe, kituo kizima kinakushukuru kwa kazi, kwa utani na kwa subira yako kwetu sisi tunaosahau kuchomeka waya. Tunakuombea afya njema, mvua za kutosha Bukundi, ng'ombe wanaozaa vizuri, na usingizi usiokatishwa na simu zetu. Maisha yako ya kustaafu yawe mema kama ulivyokuwa mwema kwetu.

Rekodi yako nimeshaitumia mara moja, wiki iliyopita. Inaanza na Mwangaluka, halafu kuna ukimya wa kama sekunde tatu, kwa sababu hata kwenye simu huwezi kuendelea kabla hujaitikiwa. Nilikuwa peke yangu sebuleni, nikaitikia: mwangaluka, mayu, mama yetu. Ndipo ukaendelea.