Daftari la Hilkka Tirkkonen

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Hilkka Tirkkonen, aliyepima maziwa katika kiwanda chetu kwa miaka thelathini na mmoja. Tulimzika Jumamosi. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Wengi wenu mlimwita Gramu. Kabla sijamaliza, mtajua kwa nini naona haya kulitamka jina hilo.

Hilkka alizaliwa huku huku kwetu Savo, mtoto wa wafugaji. Akiwa na miaka arobaini na sita, tayari mjane, aliomba likizo isiyo na malipo akaenda chuo kikuu kusomea shahada ya kwanza ya kemia. Binti yake, Marjut, anakumbuka: "Mama alibandika jedwali la elementi juu ya jiko. Anakoroga uji, anakariri. Uji ukiungua anasema, 'Kula, mwanangu, hiyo ni kaboni.'"

Chuoni walimpanga meza moja na kijana wa miaka ishirini. Kijana huyo ni mimi, Tapani, mtangazaji wenu.

"Unajua kuosha vyombo?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Nyumbani anaosha mama."

"Basi hapa mama yako hayupo. Na mimi siye."

Alinifundisha kusoma mizani. Alinifundisha kusubiri kitu kikauke, maana mimi sikuwa na subira. Novemba ya mwaka wa pili tulitengeneza aspirini. Hilkka alikuwa kwenye bomba anaosha chupa, mimi nakausha unga. Mkono ukateleza, zaidi ya nusu ya unga ikaingia kwenye sinki. Iliyobaki ilikuwa gramu moja nukta tatu. Nikachukua daftari la Hilkka, nikaandika gramu mbili nukta nane. Sikumwambia.

Juma lililofuata mwalimu wa maabara alipima kichupa chetu mbele ya darasa zima.

"Moja nukta tatu," alisema. "Hapa pameandikwa mbili nukta nane. Daftari la nani hili?"

"Langu," alisema Hilkka. Akausoma ule mstari. Kisha akanitazama.

"Na namba hii umeandika wewe?" mwalimu alimuuliza.

Hilkka aliendelea kunitazama. Mimi nilikuwa nafunga vifungo vya koti langu jeupe, kimoja kimoja, na vilipokwisha nikavifungua nikaanza upya.

Alisimamishwa masomo mwaka mzima. Narudia, wasikilizaji wapendwa: namba niliandika mimi, adhabu aliibeba Hilkka.

Kiwandani habari zilimtangulia. "Gramu, leo maziwa lita ngapi? Au umetuongezea kidogo?" wenzake walimtania. Yeye alipima tu. Mwaka ulipokwisha alirudi chuoni, akahitimu akiwa na miaka hamsini na mmoja. Lakini lile jina halikumbanduka.

Mimi niliiacha kemia, nikaja redioni. Jioni moja, kwenye sauna ya mtaa, lile bafu la mvuke, mtu akasimulia kisa cha Gramu. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Katika yote niliyoyafanya, kicheko kile ndicho kinachonichoma zaidi.

Jumamosi, baada ya maziko, tukinywa kahawa kwenye ukumbi wa parokia, nilimweleza Marjut. Akaweka kikombe chini.

"Mama alijua," alisema. "Aliujua mwandiko wako. Alisubiri wiki nzima uende kwa mwalimu. Mlango ukigongwa, anadhani ni wewe."

"Mbona hakunitaja?"

"Hata mimi nilimuuliza. Akasema, 'Nikimtaja atakuwa amekamatwa tu. Nataka aje mwenyewe.'"

Nikamwomba msamaha.

"Uliyemkosea si mimi, Tapani," alisema. "Mji mzima ulimcheka. Kaseme pale mji mzima unapokusikia."

Ndiyo maana nimesema. Jumatatu nilikiandikia chuo pia, nikaeleza kila kitu.

Marjut, pamoja na watoto wako, pokeeni pole zetu sote. Mama yako hakudanganya. Alikuwa mkemia, na alikuwa mkweli.

Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu amebeba kosa lako na bado yu hai, inuka umwendee leo. Mimi nilipewa miaka ishirini na mitano. Kutoka studio hii hadi mlangoni kwa Hilkka ni mwendo wa dakika nane kwa miguu.