Amina Mia Mbili na Kumi na Nne

Benchi letu liko Missouri City, pembeni mwa Houston, mbele ya duka la Mwatumu, kati ya saluni ya kusuka na ofisi ya kujaza fomu za kodi inayofunguliwa miezi minne tu kwa mwaka. Ni benchi la kanisa. Kanisa lilipohamia viti vya plastiki, Mwatumu, Mwislamu wa Tanga, akalibeba, na mgongoni bado lina kibao cha shaba chenye jina la mama aliyelichangia. Jumamosi asubuhi, kabla joto la Houston halijaamka kutufukuza, Mwatumu hututolea chupa moja ya kahawa ya tangawizi. Ikiisha, kikao kimeisha. Upande wa kulia hukaa Wilondja, Mkongomani mwendesha folklifti ya kunyanyulia mizigo ghalani, tunayemwita Ministre, yaani Waziri, kwa sababu hajawahi kujibu swali aliloulizwa. Katikati hukaa Elkana, ndiye Jaji: alisoma sheria Leicester miaka miwili, wa tatu ukamkuta Amerika, na sasa hupanda mapaa ya watu kuhesabu alama za mvua ya mawe kwa niaba ya bima. Mimi ni Mwita. Wananiita Pasipoti, kwa kuwa nimeishi nchi tano na kote nimeombwa nipunguze mdomo.

Mwisho kabisa wa benchi hukaa Mutuku, mwenyekiti wetu wa misiba, mtu wa nafasi moja na nusu. Jumamosi hiyo nafasi na nusu yake ilikuwa wazi. Sababu ni mimi.

Jumanne Mutuku aliniita ndani ya gari lake, akapandisha vioo, akawasha redio, ndipo akasema. Daktari ameona damu pasipotakiwa kuonekana damu. Jumatatu atalazwa usingizi, aingizwe kamera nyuma, utumbo uangaliwe. Mkewe Jerioth yuko Kitui anamuuguza dada yake. Akaniomba nimpeleke na kumrudisha.

"Na isitoke humu garini," akasema.

Nikamwapia. Alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, na gari lilikuwa limezimwa.

Nilifika nyumbani nimeogopa. Maombi yangu mimi hufika uwanja wa ndege yakarudishwa, kwa hiyo nikamtafuta anayejua kuomba: dada yangu Clara, aliyeko Leicester. Nikamwambia, dada, hii ni siri, omba tu. Clara akaomba. Aliomba kwenye kundi lake la WhatsApp la asubuhi, lenye watu wa Leicester, Texas, Kitui na Musoma: "Tumwinue ndugu yetu Mutuku wa Houston, Jumatatu saa tatu anaingizwa kamera kwa njia ya nyuma. Bwana aitangulie kamera." Zikaja Amina mia mbili na kumi na nne. Mmoja wa walioitikia alikuwa mama mkwe wa Mutuku, ambaye Mutuku mwenyewe alimwingiza kwenye kundi mwaka jana ili asichoke na upweke.

Mutuku akaandika mara moja: "Nilimwambia mtu mmoja. Tutakutana mahakamani." Akatoka kwenye kundi. Mimi akani-block.

Jumamosi Jaji alikuja na daftari. Sijawahi kumwona amechangamka vile.

Jaji: Tuanze na mahali. Clara alibonyeza akiwa wapi?

Mimi: Jikoni kwake, Leicester.

Jaji: Basi sheria ya Uingereza inaingia. Miaka kumi na tisa nimengoja mtu anihitaji.

Mwatumu: Na ya Texas je?

Jaji: Ya Texas ipo. Siijui. Tuendelee.

Mwatumu: Mjomba, jina la mshtakiwa umelimwagia kahawa kwenye daftari.

Jaji: Kule Uingereza, kwa siri uliyoaminiwa wanauliza mambo matatu. Je, jambo lenyewe lilikuwa siri kweli, au ni porojo ya mtaani? Je, uliambiwa katika hali ambayo mtu mwenye akili timamu angejua anaaminiwa? Na je, umelitumia bila ruhusa? Pasipoti, vioo vilikuwa juu?

Mimi: Juu.

Jaji: Redio?

Mimi: Mahubiri, kwa sauti.

Jaji: Umekwisha, kaka.

Wilondja: Attends, ngoja, Jaji. Huyu hakutangaza. Alimwambia dada yake wa tumbo moja. Hiyo si kutoa siri, hiyo ni kuihamisha chumba.

Jaji: Na dada akiambiwa ni siri, inamfunga na yeye. Aliyepokea huku anajua, amefungwa kama aliyeambiwa kwanza.

Wilondja: Basi na hao mia mbili na kumi na nne. Kila Amina ni sahihi. Waliona, wakakubali, wakatia sahihi. Wote ni washtakiwa.

Mwatumu: Watakaa wapi?

Wilondja: Watakodi uwanja wa mpira. Asubuhi Leicester, jioni Kitui.

Mimi: Mama mkwe naye mshtakiwa?

Wilondja: Mama mkwe ni shahidi. Ndiye kaumia kuliko mgonjwa. Mzazi wa mke kujua habari za nyuma ya mkwe wake, kwetu hiyo watu wanachinja mbuzi.

Mwatumu: Kwetu watu wanahama.

Nikacheka, halafu nikaona ile nafasi iliyo wazi, nikaacha. Mwatumu akaniongeza kahawa bila kuniangalia. Yeye akikuhurumia huangalia pembeni.

Mimi: Jaji, si watu wote sasa wanajua? Siri ikishajulikana si siri. Kesi imekufa.

Jaji: Wanasheria wa zamani wangekusikiliza. Lakini majaji wa karne hii waliona kuna kitu zaidi ya siri. Wanauliza, je, huyu mtu alikuwa na haki ya kutarajia jambo hili libaki lake? Habari za mwili wako, ugonjwa wako, hizo ni zako. Hata wakijua mia mbili, kumwambia wa mia mbili na moja ni kumvua nguo tena.

Jaji huwa hasemi vitu vizuri hivyo. Hata yeye alishtuka, akayaandika maneno yake mwenyewe.

Wilondja: Na mtu anayeomba hana haki ya kusema? Clara ana mdomo, Mungu kampa.

Jaji: Anayo. Ndiyo maana wanapima. Huku faragha, huku uhuru wa kusema, jaji katikati ameshika mizani.

Wilondja: Basi weka hii kwenye mizani. Tangu yale maombi, wanaume wawili wa kazini kwangu wamepanga tarehe ya kipimo. Na mimi nimepiga simu.

Mwatumu: Wewe?

Wilondja: Nimepiga tu. Sijasema nitaenda.

Jaji: Hilo ni zuri, ila Clara angeweza kusema wanaume wa umri wenu nendeni mkapimwe. Jina la Mutuku lilihitajika la nini? Siku na saa zilihitajika za nini? Njia ya kamera?

Wilondja: Maombi bila anwani yanapotea.

Mwatumu: Mungu hajui anakokaa Mutuku?

Wilondja: Anajua. Na hapo ndipo penye kesi yenyewe. Mungu alijua kabla ya wote. Clara alimwambia Mungu tu, wengine walikuwa wanasikiliza mazungumzo ya watu. Kosa ni lao, wanadukua.

Jaji: Kundi ni lake mwenyewe Clara, mzee.

Wilondja: Basi simu. Simu ndiyo imeongea. Tuishitaki simu.

Jaji akaona kesi inamponyoka. Akatuletea ya wafalme. Zamani, akasema, malkia mmoja wa Uingereza na mumewe walikuwa wanachora picha zao za nyumbani, watoto, mbwa, mambo ya kujifurahisha. Zikapelekwa kwa mpiga chapa, kijana wa pale akajichapia nakala, mtu mmoja akataka kuzifanyia maonyesho. Mahakama ikazuia.

Mwatumu: Kwa hiyo Mutuku ni malkia.

Jaji: Mbele ya sheria, nyuma ya Mutuku na mbwa wa malkia ni sawa.

Wilondja: Hiyo iandike mlangoni kwako.

Jaji: Ninachosema, angeweza kuomba amri ya kuzuia. Jaji wa Leicester angeamuru Clara afute, na kila aliyepokea afute.

Wilondja: Na maombi yaliyokwisha kupanda juu?

Jaji akageuza ukurasa. Hakukuwa na kitu nyuma yake. Akasema kwamba, kwa maoni yake, amri ingebidi ipelekwe na huko, ila hajui ofisi ya kupokelea iko wapi. Wilondja akasema malaika lazima wana masijala, tatizo ni kuwa hawafanyi kazi Jumamosi. Mwatumu akasema ni Ijumaa. Wakaanza kubishana siku ya mapumziko ya malaika.

Hapo akatoka dukani binti mmoja na kilo mbili za unga wa ugali kwapani. Wawira, nesi, amehamia mwezi uliopita kutoka DeSoto, huko kaskazini mwa Texas. Alikuwa ametusikia kutoka kwenye foleni, maana benchi letu husikika mpaka kwenye mafriji.

Wawira: Samahanini wazee wangu. Mimi nimefanya kazi miaka sita chumba cha hivyo vipimo. Naomba kuuliza tu.

Jaji: Uliza, dada. Upande wa mlalamikaji au wa utetezi?

Wawira: Huyo mzee, Monday, nani anam-drive?

Jaji akamwangalia Wilondja. Wilondja akamwangalia Mwatumu. Mwatumu akaangalia pembeni, yaani kwangu.

Wawira: Kwa sababu akipewa dawa ya usingizi hawamwachilii peke yake. Hata teksi hawataki. Kitu cha kwanza pale dirishani wanauliza jina la dereva na namba ya simu. Kama hana, wanam-cancel hapo hapo. Na tarehe nyingine mnaweza kungoja miezi miwili.

Wilondja: Si Elkana?

Jaji: Mimi nilidhani wewe.

Wilondja: Mimi nilidhani kapata mtu wa kanisani.

Mwatumu: Kanisani, ambako wote wamesema Amina?

Sote tulijua siku, saa, na njia ya kamera. Tulijua alivyojisikia mama mkwe. Watu mia mbili na kumi na nne walikuwa wameahidi kumtangulia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ufunguo wa gari mkononi.

Mimi: Jaji, hiyo sheria yako, inamkataza mshtakiwa kumwendesha mlalamikaji?

Jaji akafunua daftari mwanzo mpaka mwisho.

Jaji: Sikufika hapo. Huo ungekuwa mwaka wa tatu.

Nikasimama. Wawira akaniambia kesho ni siku ya dawa ya kusafisha tumbo, ale supu nyepesi isiyo na kitu ndani, asiguse chochote chekundu, maana rangi inadanganya kamera. Mwatumu akaingia ndani, akatoka na mfuko: mifupa ya supu, ndimu, tangawizi. Akatikisa chupa ya kahawa, ikalia tupu. Kikao kikaisha hivyo.

Kwa Mutuku ni dakika kumi na mbili. Nilitumia ishirini, nikijifunza maneno ya kusema. Alifungua mlango mnyororo ukiwa bado umefungwa, nikamwona jicho moja. Maneno niliyojifunza yote yakanitoka. Nikainua mfuko wa mifupa. Akaniacha nimesimama juani kwa muda unaomtosha mtu kuhesabu Amina zote, kisha mnyororo ukashuka. Aliyoniambia baada ya hapo hamtayasoma hapa. Haya mengine kanipa ruhusa, kayasoma yote, kafuta sehemu mbili, na amenitaka niseme kwamba ni mtu wa nafasi moja na robo.

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa kwenye usukani. Pale dirishani wakauliza jina la dereva, Mutuku akanitaja, majina yote matatu, taratibu, kama anamsomea karani wa mahakama. Baadaye daktari akatuita ndani wote wawili, akatupa majibu.

Jumamosi iliyofuata alikuja benchini. Akakaa mwisho pale pale, benchi likalia kama kawaida. Hakuna aliyetaja kesi. Jaji alikuwa amekuja bila daftari. Tukaongea mpira, tukaongea bei ya bima, chupa ikazunguka. Wilondja alivumilia nusu saa nzima, naomba aandikiwe, kisha akashindwa.

Wilondja: Mon frère, ndugu yangu, na majibu?

Mutuku akanywa funda lake la mwisho. Akakifuta kikombe kwa kidole gumba. Akageuka polepole mpaka akanitazama mimi.

Mutuku: Muulize Mwita.

Wote wakanigeukia. Mwatumu akasimama mlangoni na kitambaa mkononi. Nikamnyooshea kikombe aniongeze, akasema imeisha, iliisha zamani.

Nikakirudisha kikombe mdomoni, kitupu hivyo hivyo, nikanywa.