Sifuri ya Arakaza

Bonaventure alijifanya kusinzia ndani ya teksibasi ya kutoka Runingu, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Huko Délice, dada anayepima ujuzi wa chakula bora na mazoezi ya mwili kwa watu wenye ulemavu wa akili, alimweleza mama mmoja kwamba binti yake Arakaza, aliyekaa dirishani, amepata sifuri.

"Nilimuomba anionyeshe picha ya mazoezi. Akaacha mwanaume mwenye kukimbia, akaonyesha mwanamuke mwenye kulima."

"Kwetu muntu anakimbiaka akiona nyoka," mama alisema. "Weye unakimbiaka?"

"Minye? Kazi iko mingi, mama."

Bonaventure alikoroma kidogo ili asicheke.

Gari likanasa matopeni. Wote wakashuka kusukuma, isipokuwa Délice na fomu zake. Arakaza akagonga kioo.

"Dada, shuka. Uko muzito."